Nyumba Yangu Uliyoivunja Nikiwa Garissa

Dekow mwanangu,

Assalamu alaikum. Salamu nimeitanguliza kwa kuwa dini imenilazimu. Ingekuwa moyo wangu peke yake unaoandika, barua hii ingeanza kwa maneno ambayo mama hapaswi kumwandikia mtoto anayesafiri kesho.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishwa kuiandika, ile miaka yangu michache ya shule kabla sijatolewa kuolewa. Kisomali changu kiko mdomoni tu, na mdomoni hasira hunitangulia. Ukiwa mbele yangu nitapiga kelele, nawe utainamisha kichwa na kusema, "Haya, Hooyo, haya," halafu utatoka bila kuwa umesikia kitu. Basi nimekaa kwenye kivuli cha nyumba ya jirani yangu Dahabo, wewe uko dukani unaagana na wenzako, nami naandika kabla jua halijazama.

Mambo ya pasipoti, nani atakupokea huko Doha, utakula nini na utalala wapi, mjomba wako amekueleza mpaka koo limemkauka. Sina la kuongeza. Mimi nataka kukueleza nyumba. Uliivunja bila kujua ni kitu gani, na sitakuacha uvuke bahari ukiendelea kudhani kwamba uliondoa takataka.

Ile miti uliyowapa mafundi wako wachemshie chai haikuwa kuni. Ilikuwa mizizi ya mgunga. Nilipokaribia kuolewa, mama yangu, ayeeyo wako ambaye hukumkuta, alinipeleka kwenye laga, pale maji ya mvua yanapopita kwa kishindo na kuacha mizizi ya miti iko wazi ukingoni. Tulichimba kwa jembe na kwa kucha. Mzizi mrefu ulionyooka, usio na fundo, ndio tulioutaka. Tuliubandua gome, tukaupitisha juu ya moto mdogo, tukaukunja polepole katikati ya miti miwili, tukaufunga ukiwa umepinda hivyo hivyo na kuuacha hapo mpaka usahau kwamba uliwahi kunyooka. Ukiukunja kwa haraka unavunjika. Ukiufungua mapema unajinyoosha. Mama hakuwa na maneno mengi. Alikuwa akiugonga mzizi kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kisha anasema, "Bado," na tunarudi nyumbani.

Na kamba zile za kahawia ulizozikata kwa kisu, unajua zilitoka wapi? Zilitoka mdomoni mwangu. Gome la ndani la mgunga hutafunwa, Dekow. Wanawake huketi pamoja, wanatafuna, wanatema, wanasokota juu ya paja, wanasengenya, wanatafuna tena. Fizi ziliniuma hata maziwa ya vuguvugu sikuweza kuyanywa. Mikeka ya kuezekea tuliisuka kwa majani ya mkoma, mimi na dada zangu na mama, na shangazi zangu wakaleta yao siku ya harusi, wamefunga juu ya punda. Kwetu bibi harusi huja na nyumba yake. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuja na kofia.

Usidhani nilijua yote tangu mwanzo. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa kituko. Nilikuwa na wifi mwenye nyumba kubwa, nikataka yangu iipite. Mizizi iliyokauka haikutosha, nikaongeza mibichi. Mama akaigonga na kusema, "Hii bado."

"Nitaaibika, Hooyo. Wakwe zangu wanakuja."

"Watakuja hata ikiwa ndogo."

Sikumsikia. Tena nikaijenga kwenye bonde, kwa kuwa pale udongo ulikuwa laini na mashimo yalichimbika upesi, na kisima kilikuwa karibu. Wakwe walikuja, wakaketi ndani, nikawamiminia chai. Mvua ya kwanza ikaanza. Maji yakaja kutoka chini, yakaingia mlangoni kama mgeni mwingine, na wakati watu wanainua viatu vyao, mzizi mmoja mbichi ukajinyoosha kwa mlio na kuurusha mkeka wa paa pembeni. Mvua ikaingia kwenye vikombe. Mama mkwe wangu alikunywa chai yake ile ile iliyochanganyika na mvua, akanitazama, akasema, "Ina sukari kidogo." Wakacheka mpaka wakalia.

Kesho yake mama alikuja na punda wake. Tuliivunja yote, tukahamia juu, kwenye ardhi ngumu pale penye mawe madogo, mlango tukaugeuzia mbali na upepo. Nilijenga nyumba ndogo. Mama yangu hakuniambia hata mara moja kwamba alinionya. Mimi si kama yeye. Wewe nitakwambia, na nitarudia.

Nyumba ile ndogo ndiyo niliyoishi nayo. Nasema nayo, kwa sababu haikukaa mahali pamoja. Tulipohama kufuata malisho kuelekea Ijara, niliifungua, nikaikunja, nikaipakia punda, na tulipofika nikaisimamisha tena. Mzizi ukivunjika niliweka mwingine. Mkeka ukichakaa nilisuka mwingine. Moshi wa moto wangu uliipaka weusi mpaka mchwa wakaikimbia. Wewe ulizaliwa ndani yake, na dada zako, na yule kaka yako ambaye hakuishi. Tulipochoka kuhama tukatua hapa nje ya Sangailu, niliisimamisha kwa mara ya mwisho.

Nataka ulijue jambo moja kuhusu nyumba hiyo na baba yako. Alikuwa mtu wa sauti kubwa, unakumbuka. Sokoni walimwogopa. Lakini mlangoni kwangu alikuwa anapiga hodi. Wewe ulikuwa bado unanyonya siku alipomuuza ng'ombe wangu, yule niliyepewa na baba yangu, bila kuniuliza. Aliporudi nilimuuliza, akanijibu, "Mimi ndiye mwenye nyumba," kisha akajilaza kupumzika. Sikubishana naye. Nilikufunga mgongoni, nikatoka nje, nikaanza kufungua kamba. Mkeka mmoja, wa pili, wa tatu. Jua likampiga usoni akiwa amelala. Akafumbua macho, akaona mbingu.

"Unafanya nini, mwanamke?"

"Nachukua nyumba yangu. Wewe baki na yako."

Nilikuwa nimeshampakia punda mmoja. Baba yako aliketi pale kwenye uwanja mtupu, juu ya ngozi yake, na birika lake la udhu, majirani wanamtazama. Mwishowe alimtuma mzee mmoja kuja kuniomba radhi, nikamwambia mzee arudi, aje mwenyewe. Akaja. Ng'ombe hakurudi, alikuwa ameshachinjwa, lakini tangu siku hiyo hakuwahi kusema tena kwamba yeye ndiye mwenye nyumba. Na hakuwahi kugusa hata kamba moja. Tukihama, alikaa mbali chini ya kivuli mpaka niseme karibu.

Huyo alikuwa mume wangu, na hakuthubutu. Wewe ni mtoto niliyemzaa humo ndani, ukathubutu.

Sasa nikueleze siku niliyorudi, kwa sababu wewe uliiona kupitia simu tu.

Nilikuwa Garissa kwa shangazi yako, nimetibiwa jicho. Ulinipigia kila siku, nikawa namwambia shangazi yako, mtazame kijana wangu anavyonijali. Ulisema, "Hooyo, usiharakishe, pumzika." Nilipumzika kama mjinga. Kumbe siku zile unamhimiza fundi.

Gari liliniteremsha pale kisimani, kwa kuwa nilitaka kuwasalimu wenzangu kabla ya kufika nyumbani. Wanawake walikuwa wanateka maji. Dahabo aliniona wa kwanza, akaangusha dumu. Alinijia mbio, akanishika uso kwa mikono miwili, akaanza kulia. Wengine wakaja wakilia, mmoja anasema "Subhanallah, Subhanallah," mwingine ananipapasa mabega kama mtu anayenunua mbuzi.

"Kuna nini? Nani amekufa?" niliuliza.

"Wewe," Dahabo akasema.

Kwetu nyumba ya mwanamke huvunjwa na mwenyewe, siku ya kuhama. Ikivunjwa naye hayupo, watu hudhani jambo moja tu. Wanawake hawa walikuwa wamepita asubuhi moja wakaona mikeka yangu iko chini, na wanaume wasiowajua wanachanganya simiti juu yake. Juu ya mikeka yangu, Dekow. Wakadhani nimefia hospitalini. Dahabo alikuwa ameniswalia. Walipokuuliza, uliwaambia, "Ni siri, msimwambie mama," nao hawakuelewa ni siri gani hiyo ya mtu aliyekufa, wakadhani huzuni imekuharibu akili.

Nilitembea kuja nyumbani nikiwa na hao wanawake nyuma yangu, macho yangu yamefunuka, jicho lile lililotibiwa linaona kila jani. Na nikaona. Mabati yanang'aa mpaka nikaweka mkono usoni. Mlango wa chuma wa rangi ya bluu. Kufuli. Wewe umesimama mbele, umevaa kanzu mpya, umeinua simu.

"Surprise, Hooyo!"

Wenzako wakapiga makofi. Ukaniambia nitembee tena, nirudi kidogo nyuma, kwa sababu mara ya kwanza haikuonekana vizuri. Nikarudi nyuma. Mungu anisamehe, nilirudi nyuma nikatembea tena. Ukaniwekea ufunguo mkononi, ukasema, "Sema kitu, Hooyo," nikasema, "Asante." Video hiyo imefika Wajir, imefika Eastleigh, binamu zako wananipigia kunipongeza. Wanasema nilitokwa machozi ya furaha.

Nilikuwa natazama jivu. Kando ya mlango wako wa bluu palikuwa na mafiga matatu na jivu jingi, na kwenye jivu kipande cheusi kilichopinda. Watu walipoondoka nililichokoa jivu lile kwa fimbo. Hapakuwa na kitu kilichobaki chenye urefu wa kiganja. Mizizi ambayo mama yangu aliigonga kwa kidole chake iliivisha chai ya mafundi.

Unaondoka nyumbani, na huko uendako utapata fedha, na mwenye fedha hushikwa na hamu ya kuwafanyia watu wema. Ukishikwa na hamu ya kumfanyia mtu wema, mwulize kwanza. Ukiona unaogopa kumwuliza, simama hapo hapo, maana ujue wema huo ni wako mwenyewe. Usiku ule sikulala kwenye mabati yako. Nilikwenda kwa Dahabo, na ndipo nilipo mpaka leo.

Siku ya tatu ulikuja ukiwa umevimba. Nayaandika maneno yetu hapa kwa sababu umekuwa ukimweleza mjomba wako kwamba nilikutukana bure.

Ulisema, "Hooyo, kwa nini unalala kwa watu? Mji mzima unanicheka. Nimejenga, na mama yangu yuko kwa jirani."

Nikakujibu, "Nyumba yangu iko wapi?"

"Ile pale. Ina madirisha. Ina kufuli."

"Ile ni yako. Nimekuuliza yangu."

"Yako ilikuwa miti na mikeka, Hooyo! Mvua ikija unahangaika, upepo ukija unahangaika."

"Nani alihangaika? Wewe uliwahi kuloa?"

Hapo ukasema lile neno lililokuwa kifuani mwako miaka yote, na heri ulilisema. "Shuleni nilikuwa nawaambia tunaishi Garissa mjini. Wenzangu wakija likizo nilikuwa nakutana nao dukani, wasikione hicho kibanda."

Mkono wangu uliinuka. Dahabo aliushika hewani. Sijawahi kukupiga tangu ukiwa mdogo, na siku ile ningekupiga mbele ya watu, kijana mwenye ndevu.

Kibanda. Nilikusomesha shule ya bweni kwa maziwa niliyokamua mlangoni mwa kibanda hicho. Sikusema hivyo siku ile, nilisema mambo mabaya zaidi, na hayo yote nayasimamia isipokuwa lile la kumtaja baba yako kaburini. Hilo ninalifuta.

Uliondoka, ukarudi jioni ya kesho yake na mkokoteni wa punda umejaa mbao. Mbao za dukani, zimenyooka kama rula, bado zina alama za rangi za muuzaji. Ukasema, "Nimeleta miti. Nitamleta fundi tena, akujengee ile ya zamani." Nilicheka mpaka nikakohoa. Ulifikiri nakudharau. Nilikuwa nakucheka kwa sababu ulikuwa umetoa jasho, kanzu imechafuka, umekwenda mbali kunitafutia kitu, na kitu chenyewe hakifai hata kufungia ndama. Hiyo ndiyo aina ya mapenzi yako, na hasira yangu yote imetokana na kushindwa kuyakataa.

Nikakwambia, "Hakuna fundi. Ukitaka, kaa chini."

Ukakaa. Nilidhani hutakaa. Wanawake wenzangu walikuwa wamekusanyika na magome tuliyoyatoa lagani, na wewe mwanamume peke yako katikati yao. Nikakupa gome. Ukalitazama.

"Nifanye nini?"

"Tafuna."

Wanaume waliokuwa wanarudi kutoka msikitini walisimama wakatazama. Mmoja akakuita kwa jina la kike. Nilikuangalia. Nikaona shingo yako imevimba kwa aibu, nikajiambia sasa atainuka. Ukaweka gome mdomoni ukatafuna. Mate ya kahawia yakakushuka kidevuni, ukapaliwa, Dahabo akakupiga mgongo akisema, "Wallahi, mafundi walikuwa na mashine, huyu ana meno tu!" Wanawake wakaangua kicheko, na wewe ukacheka huku mdomo umejaa, ukatema kwenye kanzu yako mwenyewe. Ulitafuna mpaka midomo ikavimba. Ukaja tena kesho yake, na siku iliyofuata, bila kuitwa.

Kamba zako ni mbovu. Nataka ulijue hilo kabla hujapanda ndege. Umezisokota kwa hasira, huku zimekaza, huku zimelegea, na nyingi nimezifumua nikazisokota upya. Usijisifu huko Doha kwamba unajua kazi hii.

Mizizi tuliichimba juzi, uliibeba begani, na mingine miwili uliivunja kwa kuikunja haraka ingawa nilikwambia polepole. Sasa imefungwa pale kati ya miti, imepinda, imeanza kazi yake. Nimeigonga leo mchana. Bado. Itakuwa bado mwezi ujao, na mwezi wa baadaye pia. Ukinibembeleza niisimamishe hivyo hivyo ili uione kabla ya kusafiri, kama ulivyojaribu jana, jibu langu ni lile lile. Hutaiona ikisimama. Utakuwa kwenye ghala la watu unapanga makatoni, na mimi nitakuwa natia mkeka wa mwisho bila wewe, na siku hiyo nitakuwa na hasira nawe upya, kwa kuwa hupo.

Nyumba yako ya mabati sitaibomoa. Mimi sivunji nyumba ya mtu asiyekuwepo. Nimemwambia Dahabo aweke majani ya mbuzi humo ndani, na ufunguo nimemfungia kwenye leso. Ukirudi uishi humo, uoe, mkeo aamue. Lakini mkeo akija na nyumba yake juu ya punda, ukae mbali chini ya kivuli mpaka aseme karibu.

Jua limekwisha na sioni tena mistari vizuri. Nakusikia unarudi, unaongea na simu kwa sauti ya baba yako. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa koti lako na kukwambia usiifungue mpaka uwe umevuka daraja la Garissa, kwa maana ukiisoma hapa utakuja kuniomba radhi, na mimi sijamaliza kukasirika, na sitaki kumaliza kwa haraka kwa sababu tu una gari la kuwahi.

Mungu akutangulie, akulinde na watu wabaya, akurudishe ukiwa mzima. Ukifika nipigie. Usiniulize kama nakula vizuri, nakula. Usiniulize kama nimekusamehe. Niulize kama mizizi imekauka, nami nitatoka niende nikaigonge wewe ukiwa kwenye simu, usikilize mwenyewe.

Mama yako